Mgeni Aliyezaliwa Hapa

Uyen alimtambua kwa kisogo kabla hajamwona uso.

Alikuwa amesimama kwenye ukumbi mdogo wa hoteli, mgongo kaupa mlango, akisoma ratiba ya chai ya asubuhi iliyobandikwa ukutani. Shingo ile ndefu. Sikio la kushoto lililochomoza kidogo kuliko la kulia. Namna ile ya kuegemea mguu mmoja kama mtu anayengojea kuitwa. Uyen alijiambia: si yeye. Hanoi ina watu mamilioni, na kila mmoja ana kisogo chake. Kisha mtu yule akageuka.

Alikuwa Khai.

"Wewe ndiye Uyen!" Sauti ilitoka kwenye ngazi. Mwanamke wa Kizungu, mrefu, mwenye nywele rangi ya nyasi kavu, alikuwa akishuka mbiombio na kofia mkononi. "Mimi Milada. Ndiye niliyekuandikia. Na huyu ni mume wangu. Alikuwa aende kwa mama yake leo, lakini amebadili mawazo dakika hii hii. Hutachukia tukiwa wawili?"

"Nichukie nini?" Uyen alisema. "Karibuni wote."

"Ni mtu wa hapa hapa, huyu! Nilimwambia, nitembeze wewe. Akasema ameondoka zamani sana, atanipoteza."

Khai alimtazama Uyen. Macho yalikuwa yale yale, ila sasa yamezungukwa na mikunjo midogo ya mtu aliyekaa sana kwenye baridi. Yalimtambua. Hilo Uyen aliliona wazi, kama mtu aonavyo samaki akijigeuza majini. Kisha yakazimika, na mkono ukanyooshwa mbele yake.

"Nimefurahi kukufahamu," alisema kwa Kiingereza.

Kukufahamu! Mkono ule Uyen aliushika mara ya mwisho kwenye uwanja wa ndege, miaka kumi na mmoja iliyopita, ukiwa umelowa machozi yao wote wawili. Leo ulikuwa mkavu, na ulimwachia upesi.

Angeweza kukataa pale pale. Angeweza kusema kichwa kinamgonga, ofisi imtume mwenzake. Lakini kuna maumivu ambayo mtu huyafuata kwa miguu yake mwenyewe, ili ayaone yanaishia wapi.

"Basi twende," akaisikia sauti yake ikisema, "kabla jua halijawa kali."

Kwa miaka sita kazi ya Uyen ilikuwa ni asubuhi ya kwanza ya watu. Wale waliotua jana, wakalala vibaya, wakaamka mji mzima ukiwapigia honi dirishani, aliwapokea yeye. Aliyajua watakayosema kabla hawajafumbua kinywa: kelele, pikipiki, na vigoda vya plastiki vifupi kama vya chekechea ambavyo watu wazima na mvi zao wamevikalia kando ya barabara wakinywa supu ya tambi. Milada aliyasema yote matatu kabla hawajafika kona.

"Na nyaya zile! Angalia nyaya, Khai, kama mtu amemwaga kapu la nyoka juu ya nguzo. Na yule amebeba nini? Jokofu? Amebeba jokofu kwenye pikipiki!"

"Hilo dogo," Uyen alisema. "Wiki iliyopita nilimwona aliyebeba kabati, na mkewe yumo ndani ya kabati ameshikilia milango."

Milada alicheka hadi akashika kiuno. Alikuwa na kicheko kizuri, kisicho na hila, na hilo lilimuuma Uyen kuliko kama angekuwa mwanamke wa majivuno. Adui mbaya ni nafuu. Adui mwema utamchukia vipi?

Khai hakucheka. Alitembea nyuma yao hatua mbili, akitazama juu, akitazama pembeni, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu gizani na kupapasa ukuta.

"Hapa palikuwa na kinyozi," alisema.

"Ni duka la simu sasa," Uyen alijibu bila kugeuka. "Mwaka wa nane huu."

"Na pale mama wa mikate?"

"Alikufa."

Walipofika pa kuvuka, Milada alikwama. Pikipiki zilikuja kama mto uliovunja kingo, bila taa ya kuzizuia, bila mwanya hata wa kupita paka. Uyen akamshika mkono. "Sikiliza, dada. Usikimbie, usisimame, usirudi nyuma. Tembea taratibu kama mtu anayekwenda kwa jirani kuomba chumvi. Wao ndio watakaokukwepa."

Milada alifumba jicho moja, akaomba Mungu kwa lugha yake, akaingia. Walipotokea ng'ambo alipiga kelele za furaha kama aliyeokoka mafuriko. Kisha wakageuka, na Khai alikuwa bado kulekule. Alishusha mguu barabarani, akaurudisha. Akaushusha tena, akaurudisha.

Khai yule ambaye zamani alivuka hapo hapo macho yamefumbwa, makusudi, ili Uyen apige mayowe!

Uyen alirudi kumchukua. Katikati ya barabara, pikipiki zikiwapita kulia na kushoto, ndipo alipozungumza naye kwa lugha yao kwa mara ya kwanza.

"Kwa nini umejifanya hunijui?"

"Na wewe mbona hukusema?"

"Mimi niko kazini, bwana."

"Usiniite bwana."

"Nikuite nani, basi?"

Walifika ukingoni.

"Mlikuwa mnasema nini?" Milada aliuliza, macho yaking'aa.

"Ananifundisha kuvuka," Khai alisema.

"Wewe! Mzaliwa wa hapa!"

"Amesahau," Uyen alisema kwa Kiingereza. "Huwatokea watu."

Mtaa wa Hang Ma ulikuwa mwekundu tupu kama kawaida yake: taa za karatasi, maua ya karatasi, na yale yanayonunuliwa ili yachomwe moto yawafikie wafu. Suti za karatasi, viatu vya karatasi, nyumba za karatasi zenye magari ya karatasi mlangoni.

"Jumapili ni kumbukumbu ya kifo cha baba yake," Milada alimweleza Uyen kwa sauti ya chini, kama anayemwonjesha siri. "Ndiyo sababu ya safari yote. Mama yake amesema lazima mke wa mwana asimame mbele ya picha ya marehemu. Alikufa ghafla, maskini. Unadhani tununue viatu?"

Uyen aliijua siku hiyo kuliko siku yake ya kuzaliwa. Familia ya Khai ilikuwa imeleta sinia za uchumba nyumbani kwao Jumatano, sinia saba zimefunikwa vitambaa vyekundu, tambuu na popoo juu yake. Jumamosi, baba yake Khai aligongwa na lori la mchanga darajani. Hata kabla ya hapo mama mtu alikuwa haitaki posa hiyo. Mpiga ramli alishamwambia nyota za watoto hazipatani: binti kazaliwa mwaka wa chui milia, na bibi harusi chui akiingia ndani lazima ale mtu. Mazishi yalipokwisha hakuhitaji tena mpiga ramli. Alisimama uani mbele ya waombolezaji wote akamnyooshea Uyen kidole. "Hata ndani hajaingia," alisema, "na ameshakula."

Siku arobaini na tisa za matanga zilipokwisha Khai aliondoka kwenda Ucheki, alikokuwa amepata kazi ya kiwandani. "Miaka miwili," aliahidi. "Mama atapoa, nitarudi, nitakuoa." Uyen alikuwa na miaka ishirini na miwili. Aliamini.

"Na hawa wanyama?" Milada alikuwa amesimama mbele ya karatasi kubwa yenye wanyama kumi na wawili wa miaka. "Mimi nina mnyama? Nilizaliwa themanini na sita."

Muuzaji, mama mnene aliyekuwa akijipepea kwa kipande cha boksi, alihesabu kwa vidole kisha akaangua kicheko. "Chui milia! Shemeji," akamgeukia Khai, "unalala jicho wazi wewe? Mke chui, mume lazima ajue kukimbia!"

"Anasema nini?"

"Anasema wewe ni chui milia," Uyen alitafsiri.

"Ni vizuri?"

"Ni mnyama mwenye nguvu."

"Na wewe je?"

Uyen aliitazama karatasi ya wanyama. "Themanini na sita," alisema. "Mimi pia."

"Basi sisi ni dada!" Milada akamkumbatia, pale pale katikati ya majumba ya wafu, na juu ya bega lake Uyen alimwona Khai ameinamia viatu vya karatasi kama mtu anayetafuta mahali pa kuingiza kichwa.

Milada alipokwenda mbele kupiga picha taa, Uyen alisogea karibu naye.

"Kwa hiyo chui wa Ulaya hali watu?"

"Uyen..."

"Nauliza tu. Nijifunze. Wageni huniuliza mambo ya namna hii."

"Mama anasema mtu wa nje nyota yake haihesabiwi."

"Mama anasema. Na mwanawe je, anasemaje?"

Khai alikigeuzageuza kiatu cha karatasi mkononi mpaka soli ikabanduka. Milada alirudi. "Kuna nini?"

"Anauliza baba alivaa namba ngapi," Khai alisema.

Kwa kuwa joto lilikuwa limeanza kuuma, Uyen aliwapeleka kwenye mkahawa wa ghorofa ya tatu, mahali ambapo hakuwahi kwenda na Khai. Alikuwa anawaza hilo hata katika maumivu yake: asimpeleke palipo na kumbukumbu, asije akadhani anamwomba. Ngazi zilikuwa nyembamba. Khai alimshika mkewe kiwiko kila hatua, na Uyen aliyekuwa nyuma aliuona mkono ule jinsi ulivyokuwa mwangalifu.

Milada aliagiza maji ya ndimu. "Kahawa nimekatazwa," alisema, uso ukimwiva kwa furaha na haya. "Nina miezi minne. Hata mama mkwe hajui, tutamwambia Jumapili. Wewe ndiye mtu wa kwanza kuambiwa Hanoi nzima!"

"Hongera," Uyen alisema. Alishangaa jinsi neno lilivyotoka laini. "Hongera sana, dada."

Kahawa za yai zililetwa, yai lililopigwa likiwa povu la manjano juu, vikombe ndani ya bakuli za maji ya moto. Khai alivuta kikombe chake. Kisha, kwa mazoea yaliyolala miaka kumi na mmoja na kuamka bila kubisha hodi, akamsogezea Uyen kijiko. "Koroga kabla haijapoa, em," alisema kwa lugha yao.

Chini barabarani honi ziliendelea na ugomvi wao.

"Umemwita em," Milada alisema polepole. Kivietnamu chote alichokijua kingejaa kiganjani, lakini neno hilo alilijua. "Khai, mimi ndiye unayeniita em. Uliniambia ni neno la mke."

Khai alitazama kikombe.

"Ni neno la kila mtu aliye mdogo kwako," Uyen alisema. Alitabasamu tabasamu la kazi. "Mdogo wako utamwita em. Mpenzi wako, em. Hata huyu dada aliyetuletea kahawa utamwita em, la sivyo hakuletei maji. Usiwe na wasiwasi. Ni neno la bure."

Milada alimtazama mumewe, kisha akamtazama Uyen, kisha akatazama kijiko. Hakuwa mjinga. Aliinuka taratibu. "Nitapiga picha pale kibarazani," alisema. "Nyaya zile, mama yangu hataamini." Akatoka, akafunga mlango wa kioo nyuma yake, na akakaa huko muda mrefu kuliko picha zinavyohitaji.

"Barua kumi na tisa," Khai alisema, mlango ulipofungwa. "Nilikuandikia barua kumi na tisa, Uyen. Simu ukabadilisha namba. Hukunijibu hata neno."

"Nilizipata."

"Ulizisoma?"

"Zote. Ya saba uliiandika ukiwa na homa, maana mistari ilipanda juu."

Khai alifunika uso kwa viganja. Uyen alimwacha. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameitayarisha dakika hii: akipika, akifua, akipanga foleni hospitalini na baba yake aliyepooza upande. Alijua neno la kwanza na neno la mwisho. Angemwambia jinsi mama yake Khai alivyokuja asubuhi moja, mwezi wa nne baada ya safari, akapiga magoti sakafuni, mwanamke yule mwenye shingo ngumu, akamshika miguu. *Nimebaki na mwana wa kiume huyu mmoja. Usimkatae kwa maneno, maana atarudi kuuliza kwa nini. Mnyamazie tu. Mwanamume akinyamaziwa huchoka.* Na jinsi alivyomwapisha mbele ya picha ya marehemu mama yake Uyen kwamba Khai hatajua kamwe nani aliyeomba. Uyen aliapa. Alikuwa mdogo, alikuwa amechoka kuitwa mla watu, na ndani kabisa, Mungu amsamehe, aliogopa kwamba labda ni kweli. Akanyamaza ili Khai aishi. Hilo ndilo lililokuwa utajiri wake wote. Wachumba watatu walibisha hodi, mmoja wao mwalimu mjane, mtu wa heshima, na akawarudisha wote, kwa sababu mtu aliyetoa sadaka kubwa namna ile hawezi tena kujitoa nusu nusu.

Sasa midomo yake ilifunguka. Lakini alifikiria kibaraza, na tumbo la miezi minne, na Jumapili. Akaifunga tena. Ataubeba ukimya huo mpaka mwisho.

"Nilichoka kungoja," alidanganya. "Basi. Wasichana huchoka."

"Usifanye hivyo," Khai alisema kwa sauti ya chini. "Najua mama alikuja kwako."

Uyen alidhani hakusikia vizuri.

"Najua alipiga magoti. Najua alikuapisha. Hanh aliniambia."

Hanh alikuwa dada yake Khai. Uyen alishika ukingo wa meza. "Amekuambia lini? Juzi? Mlipofika?"

"Zamani."

"Zamani lini, Khai?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja jina.

"Mwaka wa tatu."

Uyen alihesabu. Hesabu ilikuwa nyepesi, lakini akili iliikataa, akaanza upya. Mwaka wa tatu. Kisha miaka minane. Miaka minane huyu mtu alijua.

"Ulijua," alisema. "Ulijua kwamba sikukuacha."

"Nilijua."

"Na hukuja."

"Nilipata likizo ya mwezi mzima. Nikafunga mizigo." Sauti yake ilianza kukatika. "Usiku ule nikamwota baba. Amesimama darajani, ananifukuza kwa mkono, kama unavyomfukuza kuku. Niliamka natetemeka. Nikasema, labda mama ana haki. Labda ni kweli. Baba alikufa siku ya tatu, Uyen! Ya tatu! Nilikuwa na miaka ishirini na saba, peke yangu, theluji dirishani. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

Khai aligeuza macho kwenye kioo cha kibaraza.

"Sema. Nimekuja mpaka huku juu, niambie. Uliogopa nini?"

"Wewe," Khai alisema. "Nilikuogopa wewe."

Ni ajabu jinsi mwili unavyojua adabu. Uyen hakupiga kelele. Hakumwaga kahawa. Aliketi wima, mikono mapajani, kama mgeni kwenye harusi ya watu asiowajua. Mama mtu kumwita mla watu, hilo alilizoea. Lakini siku zote alikuwa na mtu mmoja upande wa pili wa dunia asiyejua, asiye na kosa, aliyeibiwa kama yeye alivyoibiwa. Kwa ajili ya huyo ndipo alipokubali kuzeeka. Na kumbe huyo mtu hakuwapo. Alikuwa amemlinda mtu ambaye miaka yote hiyo alikuwa akimkimbia yeye.

"Na yeye?" aliuliza, akiashiria kioo, na nywele zile zikipeperuka nje. "Chui wa themanini na sita. Yeye humwogopi?"

"Sikujua mwaka wake mpaka tulipokuwa tumeshazoeana. Na huko... huko mambo haya yanaonekana madogo."

"Yanaonekana madogo."

"Nisamehe, em."

"Usiniite hivyo," Uyen alisema. "Mwite mkeo. Mwite vizuri, maana hapa atakuwa peke yake na mama yako."

Walimaliza matembezi. Ndiyo, walimaliza! Uyen aliwaonyesha soko, akawaonyesha ziwa, akawapiga picha wakiwa wameegemeana chini ya miti yenye maua mekundu, akasema, "Sogeeni kidogo, jua liwapige usoni." Sauti yake ilifanya kazi yenyewe. Khai alitembea nyuma yao kama mzigo unaoburutwa.

Kwenye kona ya kuagana, Milada alimwambia mumewe aende akatafute teksi. Khai alipofika mbali, Milada aliushika mkono wa Uyen kwa mikono yake miwili.

"Kule hoteli nilipanga kuandika jinsi mji ulivyonipokea siku ya kwanza," alisema. "Mama yangu ananingojea nimwandikie. Kelele, pikipiki, nyaya." Alitikisa kichwa. "Sitaandika hayo. Nitaandika kwamba nilimwona mwanamke aliyetembea saa tatu nzima na hakuanguka. Ningekuwa mimi, ningeanguka."

Uyen alitaka kusema, sijui unasema nini. Lakini mbele ya macho yale uongo ulikosa pa kukaa.

"Mtunze mtoto," alisema. "Na akikupigia magoti yeyote katika nyumba ile, usiape."

Teksi ilikuja. Khai alifungua mlango, akasimama, akatazama upande wa Uyen kana kwamba kuna neno moja ambalo angelisema, miaka yote hiyo ingepata maana. Gari liliingia ndani ya pikipiki, likamezwa.

Uyen alifika nyumbani saa nane mchana. Baba yake alikuwa amekaa kizingitini kwenye kichochoro, fulana nyeupe, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine tangu alipopooza. Mezani kulikuwa na kifurushi cha keki za kijani zilizofungwa majani ya mgomba.

"Umerudi, mwanangu. Leo wageni wamesemaje kuhusu mji wetu?"

Ndilo swali lake la kila siku, na kila siku Uyen humletea la kumchekesha.

"Wamesema una kelele, baba."

"Kila siku kelele! Hawana jipya." Mzee alicheka kwa upande wa mdomo uliobaki mzima. "Basi mimi nina jipya. Mama yake Khai alikuja hapa. Yeye mwenyewe, kwa miguu yake! Ameleta keki. Anasema mwanawe amerudi na mke wa Kizungu, kwa hiyo yale ya zamani yamekwisha, hakuna tena ubaya wowote. Jumapili wana karamu ya marehemu. Anasema uende tangu asubuhi ukawasaidie kufunga nem za nyama za kukaanga, maana una mikono mizuri. Anasema sasa unaweza kuingia ndani."

Uyen alisimama na mkoba begani. Jirani alikuwa anakaanga kitunguu. Harufu ilijaa kichochoro kizima. Aliutazama ukuta, kisha akautazama tena, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kutazama.

"Mwambie nina wageni," alisema.

"Jumapili? Wewe Jumapili huna wageni hata siku moja."

"Hii ninao, baba."

Mzee alimtazama bintiye usoni. Hakuwa ameambiwa lolote kuhusu asubuhi ile ya zamani mama yake Khai alipopiga magoti, maana alikuwa kazini kwenye karakana ya reli. Lakini miaka kumi na mmoja alikuwa amekula meza moja na mtu aliyenyamaza, na hata kimya, ukikisikiliza sana, huanza kutamka. Kicheko kilimtoka usoni kidogo kidogo.

Kwa mkono wake mmoja mzima alikivuta kifurushi cha keki, akakisukuma hadi kikaanguka kutoka mezani.

"Basi mimi pia Jumapili nina wageni," alisema.

Hapo ndipo Uyen alipoketi kizingitini kando ya baba yake, mkoba bado begani, na akalia kwa sauti, mchana kweupe, majirani wakipita.